Gia ya Nne na Gari la Maombi

Jumatatu, 5 Februari

Kwako dada Cherop, huko Kitale. Hujambo? Magoti yako je, baridi imeyaachia? Na Peterson wako, na lile gari lake ulilosema huchelewa kuingia gia kwenye vilima, wote hawajambo? Sisi huku Kibarani, Kilifi, tu wazima. Joto tu, latukaanga bila mafuta.

Siku ile unahama tuliahidiana kila mtu ajaze daftari lake, kisha alitume kwa basi. Lako nimelisoma. Ng'ombe wengi. Sasa pokea langu, na usimsomee mtu.

Nina jambo. Gari limeanza kiburi.

Ni lile lile jeupe aliloachiwa mume wangu Sanga na bosi wake wa hotelini Kikambala, ndilo linalobeba mahamri yangu kila asubuhi. Ni otomatiki. Gia hujibadilisha yenyewe: moja, mbili, tatu, nne, nawe umekaa kama malkia. Sasa lafika ya tatu lagoma. Nikifika kasi ya sitini injini yanguruma kama mashine ya kusaga mahindi, na ya nne haiingii ng'o! Petroli yakwisha kama maji kwenye mchanga. Wiki ya pili hii.

La kushangaza ni kwamba lilianza juma lile lile nililoliweka gari wakfu. Biblia yangu yenye mfuko wa zipu nimeichomeka kando ya mkono wa gia, imebana vizuri, baraka iwe karibu na injini. Na kwenye dashibodi nimebandika stika niliyoinunua mkutano wa injili: GARI HILI LINAENDESHWA KWA MAOMBI. Nimeibandika mahali ambapo kitaa kidogo cha rangi ya machungwa kilikuwa kimeanza kunikodolea kama jicho la paka. Dereva anatakiwa kutazama barabara. Nikakifunika.

Ningevumilia, lakini Ijumaa nina safari isiyosubiri. Hawe, mama mkwe wangu, ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa macho wanakuja Malindi siku moja tu. Tumengoja miezi saba. Jina lake ni la nne kwenye orodha, na saa mbili kamili asubuhi wanaanza kuita. Asiyeitika anarukwa mpaka mwakani. Hawe hana uhakika na mwakani. Mtoto wa Dena wangu ana miezi mitano, na Hawe hajamwona. Anampapasa uso kwa vidole kama mtu anayechagua embe gizani. Anasema hataki kwenda kaburini na kitukuu cha kupapasa.

Moraa amesikia. Unamkumbuka Moraa, mwenyekiti wetu wa akina mama, mwenye pikapu ya kubebea kabichi. Jana baada ya ibada, mbele ya watu wote, akasema eti mama Dena, mimi naweza kupeleka huyo shosho Malindi, gari yako tumeisikia. Tumeisikia! Nikamwambia asante, gari letu lina afya, limepata sauti tu. Akina mama wakacheka kwenye leso zao.

Sanga kwa simu anasema nimpelekee Ziro. Ziro! Mtoto wa mdogo wake, niliyempangusa kamasi kwa kanga yangu, leo ana gereji nyuma ya soko na anajiita injinia. Fundi akimwona mwanamke na gari anaona sikukuu. Nitalitengeneza mwenyewe, hapa uani, kwa mkono wangu. Kama naweza kuuelewa unga wa mahamri, giaboksi ni nini?

Jumanne, 6 Februari

Nimesoma. Kwa video za simu. Kuna Mzungu mmoja mwenye ndevu anatengeneza giaboksi kwao. Lugha yake siijui. Kiitaliano si Kiitaliano, maana hicho ningekitambua, sisi si wageni wa Malindi. Lakini matendo yake yanaeleweka. Anachomoa kijiti kirefu cha kupimia oili ya gia, anakifuta kwa kitambaa cheupe, anakirudisha, anakichomoa tena, anatikisa kichwa. Kutikisa kichwa ni lugha moja dunia nzima. Maana yake oili imepungua.

Kasoro ndogo nimeiona kwake. Alipima huku injini inanguruma, na mkono wa gia anauvuta huku na huku kama mtu anayekoroga sima. Uzembe wa Wazungu, kuchezea petroli. Mimi nikazima injini. Nikaliacha gari lipoe kabisa chini ya kivuli tangu asubuhi hadi adhuhuri, kama mtu mwenye akili. Nikapima. Oili iko chini ya alama!

Nikapiga goti pale pale kwenye changarawe nikashukuru. Ugonjwa umejulikana siku ya kwanza, bila fundi.

Nikanunua chupa mbili za oili ya gia, ile nyekundu kama sharubati ya ukwaju iliyotiwa rangi. Nikaimimina kwa faneli yangu ya mafuta ya kupikia. Zote mbili. Muuzaji alisema nusu chupa huenda ikatosha. Wauza duka! Wana roho ya uchache.

Nikalijaribu hadi barabara kuu na kurudi. Ya nne bado. Lakini kuna badiliko: ukitia gia, gari lasita kidogo kabla ya kuondoka, kama bi harusi mlangoni. Dalili njema. Oili inazoea nyumba.

Hawe alikuwa barazani anapukuchua kunde. Akauliza mbona gari limebadilisha sauti. Nikamwambia limepona nusu. Akasema nusu hiyo ni ya juu au ya chini. Nikampa chai.

Jumatano, 7 Februari

Siku ya majaribu.

Nimeamka na ufunuo. Oili mpya nimeitia juu ya oili chafu! Nani humimina tui jipya juu ya tui lililochacha? Ya zamani lazima itoke.

Nikatandika mkeka, nikaingia chini ya gari na spana ya Dena. Chini kuna nati mbili. Moja imekaa mbele, nyingine pembeni kidogo. Video ilionyesha moja tu, Mzungu kaifunika kwa mkono wake mnene. Nikaomba uongozi. Nikafungua ya mbele.

Cherop! Oili ilitoka nyeusi. Nyeusi kama kahawa tungu! Na nilitia nyekundu jana tu! Nikasema ona, ona jinsi giaboksi ilivyooza. Ziro angepata wapi macho ya kuona hili? Nikaikinga yote kwa sufuria ya pilau, ile kubwa.

Sasa oili nyingi hivyo huitupi. Nikachukua kifumbu. Ndiyo, kifumbu changu cha ukindu, cha kuchujia nazi. Kitu kinachotoa machicha kwenye tui kitashindwaje na uchafu wa chuma? Nikachuja mara mbili. Nikaifunika itulie hadi kesho, uzito ushuke chini, kisha niirudishe ya juu juu, ile safi.

Jua likawa limefika kwenye gari. Nikaona nilisogeze kivulini. Nikawasha. Papo hapo ikawaka taa nyekundu yenye picha ya birika. Birika! Nani kaomba chai? Nilikuwa na stika ya pili mkobani, ADUI AMEAIBIKA, nimeshaibandua karatasi yake ya nyuma, nimeinyoosha kwa kidole, ndipo Hawe akapiga ukelele kutoka barazani. Zima! Zima, linatafuna mawe!

Nikazima. Mtu asiyeona akipiga kelele vile hubishani naye.

Hawe ana simu ya vitufe. Cha pili ni Ziro, anakijua kwa kidole. Sikumtuma. Robo saa haijafika, Ziro huyo, na ovaroli lake linaloweza kusimama lenyewe. Shikamoo mamkubwa. Marahaba. Akainama chini ya gari. Akainuka. Akaitazama sufuria, akainusa. Akakitazama kifumbu. Akauliza kwa adabu kama nilitaka kuliendesha gari au kulikaanga.

Eti nati ile ni ya injini. Nimeitoa damu injini nzima, na giaboksi sijaigusa. Eti dakika moja zaidi na ningenunua injini nyingine. Sawa. Kila mtu hupenda kujiona mkombozi. Nikamuuliza kwa nini hawakuandika jina kwenye nati.

Akatia oili mpya ya injini. Kisha akaliwasha gari, akaliacha lipate moto, akavuta mkono wa gia huku na huku, akapima kile kijiti injini ikinguruma. Sawasawa na yule Mzungu! Wamesoma darasa moja la uzembe. Akasema oili ya gia hupimwa ikiwa moto, ikipoa hujificha, na kwamba nimeijaza kupita kiasi. Akaingiza mpira mwembamba akaivuta ya ziada, chupa moja na nusu. Akaniachia kwenye chupa zake akisema mamkubwa, tafadhali, nakushika miguu, hii usiirudishe.

Akauliza kama kuna taa yoyote imewaka kwenye dashibodi siku hizi. Nikamwambia hakuna taa inayoonekana. Huo si uongo, Cherop. Haionekani. Akanyoosha kidole cheusi kuelekea stika yangu, aangalie chini yake. Nikamshika mkono. Nikamwambia chini ya maombi kuna plastiki tu. Akaomba basi alijaribu gari barabarani mwenyewe. Kwa ovaroli lile, juu ya viti vyangu vilivyofumiwa vitambaa? Nikamwambia tutaonana Jumatatu.

Akasema sitini usizidishe, utafika Malindi polepole. Hawe akamshukuru mpaka ikachosha.

Alhamisi, 8 Februari

Nimelala nikawaza. Chupa moja na nusu! Mimi nilitia mbili tu, na pengo lilikuwepo, nililiona kwa macho yangu. Fundi hutoa kitu ili umrudie. Hiyo ndiyo kazi yao, tangu enzi za baiskeli. Na mtu hasafirishi mgonjwa kwa gari lenye njaa. Ng'ombe hakamuliwi bila kulishwa, wewe mwenyewe umeandika kwenye daftari lako.

Hawe alipoingia ndani kujinyoosha nikakiosha kifumbu kwa sabuni ya kipande, maji matatu, nikakianika, nikaichuja ile nyekundu, nikairudisha yote. Faneli ile ile. Maombi mafupi.

Sijamwambia mtu. Nakwambia wewe.

Alasiri akaja Moraa. Hakukaa. Amebeba kamba ya mkonge begani, nene kama mkono wangu. Akasema mama Dena, kesho mimi nitakuwa nyuma yenu tu, pole pole, si kwa ubaya. Nikamuuliza kabichi zake nani atazipeleka sokoni kesho, na kesho ni siku ya soko. Akasema kabichi haina macho, itangoja.

Unaona ujanja wake? Anataka Kibarani nzima inione nikiburutwa kama mbuzi wa mahari. Hawe kutoka ndani akaita, Moraa, mwanangu, Mungu akuzidishie. Mwanangu! Mimi nimepika uji wake miaka ishirini na sita.

Nimemwambia Moraa barabara ni ya serikali, afuate atakaye.

Ijumaa, 9 Februari

Naandika kwenye benchi la hospitali Malindi. Kalamu nimeazima.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hawe kavaa hando lake jeupe la sherehe, lile la marinda mengi kiunoni, kaoga udi. Mbele amani, nyuma pikapu. Nikitazama kioo, Moraa. Nikitazama tena, Moraa, na kamba imening'inia dirishani kama ulimi. Nikamwambia Hawe kuna watu wana roho ya kunguru, hufuata kinachotarajiwa kuanguka. Hawe akasema kunguru husafisha mji.

Kasi sitini. Ngurumo. Nikaimba pambio kuifunika.

Tulipokaribia Matsangoni gari likaanza mambo mapya. Nikikanyaga mafuta, injini yapanda juu, gari lenyewe halina habari. Kama mtu anayeitikia amina huku amelala. Kisha harufu. Kama mahamri yaliyosahauliwa kwenye karai. Kisha moshi. Kisha likasimama kando ya barabara, na chini linadondosha povu jekundu. Povu!

Saa moja na dakika kumi.

Nikasema litapoa. Dakika ishirini tu, likipoa litakwenda. Nikasema ni majaribu. Nikasema Ziro ndiye aliyelilegeza. Hawe akapapasa kishikio, akafungua mlango mwenyewe, akashuka kwenye nyasi, akanyoosha mikono yote miwili mbele kwenye hewa, akaita Moraa, uko wapi?

Cherop, sipendi kuliandika hili. Alikuwa ameelekea upande usio na mtu. Alikuwa anaita msituni.

Moraa alikuwa ameshateremka na kamba yake. Akataka kutuvuta. Nikamwambia weka kamba. Nikamshika Hawe, nikamgeuza, nikampeleka mwenyewe hadi kwenye pikapu, nikampandisha, nikampa mkoba wake na kadi yake ya jina la nne. Moraa akasema mama Dena ingia pia, tubanane. Nikamwambia gari haliachwi njiani, endesha. Akaendesha. Yule mwanamke, Cherop, hukanyaga!

Nikakaa kwenye jiwe. Kidogo nikalia. Vumbi la Matsangoni lina chumvi.

Ziro alifika kwa bodaboda, na mpira wake. Sijui nani kampigia. Moraa, bila shaka, hana siri. Shikamoo mamkubwa. Marahaba. Akachomoa kijiti cha oili. Kwenye ncha yake kulikuwa na uzi wa ukindu. Akauinua juani kama mtu aliyepata unywele kwenye pilau. Akanitazama. Akautia mfukoni kama ushahidi.

Kisha akaanza somo. Eti oili ikizidi, vyuma vinaipiga ndani mpaka itoe povu, na povu halina nguvu ya kusukuma gia. Nikamwambia povu la sabuni lina nguvu, linatoa hata grisi, ajaribu siku moja kwenye ovaroli lake. Akavuta ya ziada, akapima gari likiwa moto, akasubiri, akapima tena. Harufu ikapungua. Akasema Mungu amenihurumia, lingeungua. Mwenye bodaboda alikuwa anapiga honi, basi Ziro akaondoka, na chupa zote za oili kazifunga kwenye pikipiki. Hata za kwangu!

Nimefika hapa saa tano, kwa mwendo wa mkokoteni. Muuguzi kaniambia bibi yule wa hando aliitwa saa mbili na dakika tano, alikuwa ameketi dakika tatu tu. Dakika tatu. Na mwanamke aliyemleta alimshika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, mpaka wakamwambia bibie, hapa ndipo mwisho wako.

Nimemkuta Moraa nje anakula muhogo. Akanikatia kipande. Nikakipokea, lakini bila kutabasamu sana. Kujionyesha kule. Halafu akarudi zake Kilifi kwa kabichi zilizokwisha kunyauka.

Jicho moja limefanyiwa, limefungwa. La pili ni baadaye. Kesho wanafungua.

Jumamosi, 10 Februari

Wamefungua saa tatu.

Daktari akamwambia fumbua polepole. Akafumbua. Akatazama dari. Akatazama dirisha. Kisha akanitazama mimi muda mrefu sana, na mimi nimepanga maneno ya shukrani ya kumjibu. Akasema Mbeyu, kumbe umenenepa hivi.

Utukufu kwa Mungu. Anaona.

Tukaanza safari ya kurudi. Hawe mbele, amevaa miwani myeusi ya hospitali, anasoma dunia. Mnazi ule. Mbuzi yule. Yule mtu kavaa shati la nani? Tukapita Gede, mimi na ngurumo yangu kwa kasi ya sitini, malori yanatupita, hata mkokoteni wa punda nadhani ulifikiria kutupita. Hawe akavua miwani. Akainama kwenye dashibodi. Akauliza mbona nimefunika taa.

Nikamwambia taa gani.

Akasema hii, inayowaka chini ya karatasi, pembeni panang'aa kama kaa la moto chini ya majivu. Miaka minne hakuona hata jua vizuri, na leo anaona mwanga ulio chini ya stika! Nikamwambia Hawe, yale ni maandiko ya maombi. Akasema maombi hayahitaji gundi. Akatia ukucha, akaibandua. Mimi naendesha, mikono yote kwenye usukani, ningefanya nini? Chini yake kitaa changu cha machungwa, kinawaka vile vile.

Halafu akatazama chini. Akauliza, na hiki kidude ubavuni mwa mkono wa gia, kinachokandamizwa na Biblia, ni cha nini? Nikamwambia ni pambo. Akaisogeza Biblia kwa adabu, akaiweka mapajani mwake. Akakibonyeza.

Kitaa kikazimika.

Na gari, Cherop, likashusha pumzi. Kama mtu aliyevuliwa kiatu kilichombana. Ngurumo ikakatika. Gia ya nne ikaingia laini, kama kisu kwenye siagi ya mchana. Sabini. Themanini. Kimya! Nilisikia mpaka saa ya mkono.

Kumbe kile kidude huifungia gia ya mwisho isiingie, na kile kitaa huwaka kukwambia umeifungia. Biblia ilikibonyeza siku ile nilipoichomeka.

Hawe akacheka. Daktari alimkataza kuinama na kucheka sana. Alicheka kutoka Gede mpaka Matsangoni, na tulipolipita lile jiwe nililokalia akaanza upya.

Nikampigia Ziro simu, kumwambia tu kwamba gari limepona. Hawe akaninyang'anya akamweleza yote. Kisha nikasikia Ziro akiyarudia maneno yote kwa sauti, na gereji nzima ikipiga spana zao kwenye ndoo.

Nyumbani Dena alikuwa mlangoni na mtoto. Hawe hakungoja kukaribishwa. Akamchukua, akamtoa nje penye mwanga, akamgeuza huku, akamgeuza kule. Hakumpapasa. Mikono ilimshika tu. Akasema ana masikio ya marehemu mume wake. Akayabusu yote mawili.

Moraa alikuwepo pia, kaleta kabichi mbili zilizonyauka. Hawe akamtazama akasema, na wewe ndiwe Moraa? Mbona u mrembo hivi, na sauti yako ni ya kunguru? Moraa akacheka mpaka akakaa chini. Niliona ni neno zuri, lile la kunguru.

Jumapili, 11 Februari

Leo nimesimama kanisani kutoa ushuhuda. Nilipewa dakika tatu, nikatumia ishirini.

Maana nimelitafakari jambo hili kwa utulivu, Cherop, na nimeona ukweli ambao wao hawauoni. Wote wanasema ni kidude. Ziro anasema kidude, Sanga kwa simu anasema kidude na kukata simu acheke, Moraa anasema kidude hadharani. Haya. Lakini kidude kile kingefanya nini kama giaboksi isingekuwa imeoshwa? Nani aliiosha? Nani alichuja kwa kifumbu? Njia nilishaisafisha mimi kuanzia Jumanne, Hawe alifungua mlango tu. Hata kipofu anaweza kufungua mlango uliokwisha kusafishwa kizingiti.

Biblia nimeirudisha mahali pake, kando ya mkono wa gia. Siwezi kukubali ionekane ndiyo iliyokosa. Nimeibana zaidi, kwa kipande cha godoro.

Stika ya kwanza ilichanika, lakini nilibaki na ADUI AMEAIBIKA. Imekaa vizuri sana kwenye ile taa ya birika, ambayo tangu asubuhi imeanza kupepesa tena. Nilikuwa nimechoka kuitazama.

Baada ya ibada nilimwambia Moraa kwamba pikapu yake inanuka anapobadilisha gia, na kwamba niko tayari kumfungulia Jumanne, hapa hapa uani, bila malipo, kwa shukrani. Akasema mama Dena, asante, lakini pikapu yangu nayo ina Mungu wake. Akaondoka haraka. Wivu! Hata wema wa mtu hawaupokei.

Hapa nabii hana nafasi. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Lile gari la Peterson linalochelewa kuingia gia kwenye vilima, msilipeleke kwa fundi yeyote. Msiliguse. Sikukuu ya Pasaka nakuja Kitale kwa basi, na spana ya Dena, na kifumbu. Huko hakuna minazi, basi nitakuja na vifumbu viwili. Wewe niambie tu dashibodi yake ina taa ngapi zinazowaka, nijue nibebe stika ngapi.

Msalimie Peterson, mwambie asihofu. Hawe anakusalimu, anasema eti uufunge mlango wa gereji, sijui ana maana gani.

Tafadhali nijibu upesi.

Dadako,
Mbeyu